Mgeni kwenye kituo cha wachoraji wa jangwani: tathmini ya huduma yake, na kinachofaa kuchukuliwa Iringa na Mbeya

Vituo vya sanaa vya Waaborijini, katikati ya jangwa la Australia, huwa na mtu mmoja au wawili waliotoka mbali ambao majina yao hayaandikwi kwenye picha. Mgeni huyo ni meneja, mtunza stoo, dereva, mpiga picha na mhasibu, na jioni ndiye anayefagia. Hapa tunaipima huduma yake: kipi anakifanya vizuri, kipi anaharibu, na kipi kinaweza kuhamishiwa Nyanda za Juu Kusini, ambako wasuka vikapu vya milulu wa Mufindi na Kilolo, wafinyanzi Wakisi wa Ziwa Nyasa na vijana wachoraji wa Mbeya mjini nao hupokea wageni wa kujitolea bila kujua hasa wawape kazi gani. Hukumu tuitoe mapema: mgeni ana faida akiwa stoo, kwenye daftari na barabarani. Akishika brashi, hasara imeanza.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni Papunya, makazi yaliyo kiasi cha kilomita 240 kutoka Alice Springs, upande wa magharibi. Mwaka 1971 alifika pale mwalimu wa shule, Geoffrey Bardon, na mwaka huohuo wazee wakachora sisimizi wa asali kwenye ukuta wa shule. Baada ya hapo wanaume waliendelea kuchora kwenye chochote kilichopatikana, vipande vya mbao, hadibodi, hata vigae. Bardon alileta rangi na brashi, akabeba picha kwenda kuziuza mjini, akarudi na pesa. Mwaka 1972 wachoraji wakaanzisha kampuni yao, Papunya Tula Artists, na mwaka huohuo Bardon akaondoka, afya yake ikiwa imeyumba. Kampuni ipo hadi leo na wenye mali ni Waaborijini wenyewe. Inafaa kukumbuka kwamba miaka hiyohiyo Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alikuwa Dar es Salaam akichora kwenye hadibodi kwa rangi za mafuta za dukani, hadi alipofariki mwaka 1972. Vifaa vilikuwa vya aina moja: ubao wa kujengea na rangi ya kupakia vitu vingine.

Huduma ya Bardon ilikuwa bora kwenye vifaa na soko, na dhaifu mahali pamoja palipouma. Baadhi ya picha za mwanzo zilionyesha mambo ya siri ya wanaume, yasiyopaswa kuonwa na wanawake, watoto wala wanaume wasioingizwa jandoni. Zilipofika mjini zikaonwa na kila mtu, na watu wa jamii nyingine za jangwani wakakasirika. Wachoraji wenyewe ndio waliorekebisha: alama nzito zikaondolewa au zikafunikwa na vitone. Mgeni alikuwa amebeba mzigo asioujua. Kasoro hiyo haitibiki kwa nia njema, inatibika kwa kuuliza kabla ya kubeba, na tutairudia chini.

Stoo: hapa alama zote

Mzee anapokuja asubuhi na kuketi, anakuta kanvasi imekatwa, imepakwa praima (rangi ya kwanza ya kuziba kitambaa) na rangi ya msingi aliyoichagua mwenyewe, na rangi zake ziko kwenye vikopo vyenye vifuniko, zimeshakorogwa. Hakuna kusubiri. Kazi hii haina sifa, lakini ndiyo inayofanya picha idumu miaka 50 badala ya mitano.

Utaratibu ni huu. Kitambaa, cha pamba nzito au kitani (Papunya Tula wanajulikana kwa kitani cha Ubelgiji), kinabanwa kwa stepla ukutani au kwenye fremu ya muda. Kinapakwa praima nyeupe ya akriliki (rangi ya maji yenye gundi ya plastiki) mara mbili au tatu, kila mkono, yaani kila tabaka, ukikatisha uliotangulia: wa kwanza kwa urefu, wa pili kwa upana. Kila ukikauka, unapitishwa msasa laini. Mwisho inapakwa rangi ya msingi, mara nyingi nyeusi au nyekundu ya udongo. Bila praima kitambaa kinanyonya gundi iliyomo ndani ya rangi. Rangi inabaki kama unga na inabanduka, na ukingo wa kila kitone unasambaa.

Mbeya na Iringa kanvasi ya wachoraji ni adimu, wengi huagiza Dar. Mbadala wa kweli ni amerikani nzito kuliko zote utakayoipata Mwanjelwa au soko kuu la Iringa. Ifue kwanza kwa maji ya moto, kwa sababu ina wanga wa kiwandani na itasinyaa. Ukiikata kabla ya kuifua, vipimo vyako vyote vimeharibika. Wengine hununua kitambaa cha mahema kwa sababu ni kigumu. Kijaribu kwa tone la maji: likikaa juu bila kunywewa, kitambaa kimetiwa dawa ya kuzuia mvua na rangi haitashika. Kufua hakuondoi dawa hiyo vya kutosha. Kiache.

Praima ya dukani isipopatikana, tumia rangi ya maji nyeupe ya nje, ile ya akriliki, siyo ya ndani ya bei ya chini. Ya bei ya chini ina chaki nyingi na gundi kidogo. Ipake kwenye kipande cha kitambaa, ikauke, isugue kwa kidole. Kidole kikitoka cheupe, irudishe dukani. Mkono wa kwanza uzimue, sehemu nne za rangi kwa moja ya maji, ili iingie kwenye nyuzi. Wa pili na wa tatu usiweke maji kabisa.

Sasa linakuja jambo ambalo vitabu vya jangwani havitakwambia, kwa sababu kwao tatizo ni kinyume. Kule joto linafika nyuzi 40, rangi inaota ngozi ndani ya kikopo mchoraji akigeuka kuzungumza na jirani, na dawa yake ni kufunika vikopo na kunyunyiza maji. Kwetu adui ni baridi. Akriliki ikikauka kwenye joto la chini ya nyuzi 10 hivi, chembe zake haziungani kuwa ngozi moja. Inabaki unga au inapasuka vipande vipande kama tope la kiangazi. Mwezi wa Juni na Julai, usiku wa Mbeya, Makete au Njombe unashuka chini ya hapo bila shida. Kwa hiyo pakeni praima kuanzia saa nne asubuhi na muache saa nane mchana, ndani ya chumba chenye jua dirishani, na msiiache kanvasi mbichi barazani ilale nje. Mkono mmoja upewe siku nzima kukauka. Ukishaona imepasuka usijidanganye kupaka mwingine juu. Kwangua uanze upya.

Rangi ya mafuta ya makopo, ile ya milango na baiskeli ambayo uchoraji wa Tingatinga umeishi nayo, inakaa vizuri kwenye hadibodi. Kwenye kitambaa ni tatizo: inaendelea kuwa ngumu mwaka hata mwaka, na siku picha itakapokunjwa kwa ajili ya basi itakatika. Halafu, rangi ya maji haipakwi juu ya rangi ya mafuta. Itabanduka kama gome.

Vitone huchorwa kwa kijiti zaidi ya brashi. Vijiti vya mishikaki vinatosha: kata ncha kali, lainisha mwisho kwa msasa uwe bapa. Kitone kikubwa kinataka mwanzi, na Iringa na Njombe mianzi haikosekani (omba iliyokwisha kutoa ulanzi, mwenye shamba hatakusumbua). Kila rangi na kijiti chake. Uzito wa rangi ndio siri yenyewe. Chovya kijiti, kiinue: tone linapaswa kuchelewa kudondoka. Likikimbia, kitone kitalala na kuungana na mwenzake; likigoma kabisa, kitasimama kama chuchu na kuvunjika picha ikiviringishwa. Maji yasizidi robo ya rangi. Ukizidisha, gundi inazidiwa na rangi itachujuka hata ukiifuta kwa kitambaa kibichi. Kukoroga rangi ni kazi ya mgeni. Kuchagua rangi siyo kazi yake, na vituo vizuri humwona mgeni akipanga vikopo 20 mezani na kunyamaza.

Kaskazini mwa Australia, Arnhem Land, kazi ni nyingine: gome la mkaratusi lililobanduliwa wakati wa mvua, likapitishwa motoni, likalazwa chini ya mawe mpaka linyooke, kisha likachorwa kwa udongo wa rangi. Zamani gundi ilitoka kwenye mimea kama okidi. Siku hizi wengi hutumia gundi nyeupe ya seremala. Hili linatufaa sana, maana udongo mwekundu tunao kila kona na udongo mweupe upo kwa wafinyanzi. Saga udongo mkavu juu ya jiwe, chekecha kwa kitambaa cha nguo, ongeza maji uwe rojo, halafu weka gundi, sehemu moja kwa tatu za rojo. Paka kidogo, subiri siku moja, sugua. Ukitoka kwenye kidole, gundi haitoshi. Uking'aa na kupasuka, gundi imezidi. Tengeneza wa siku mbili tu, kwa sababu unavunda.

Nani aketi wapi

Picha za jangwani huchorwa kanvasi ikiwa imelazwa chini au mezani, wachoraji wakiizunguka. Haisimamishwi. Ndiyo maana vitone havitiririki, na ndiyo maana picha nyingi hazina juu wala chini. Anayepiga picha ya kumbukumbu lazima amuulize mchoraji, asijiamulie.

Mgeni akikaa muda, kwa kawaida atapewa jina la kundi la ukoo. Miongoni mwa Wapintupi na Wawarlpiri, jamii mbili za jangwa hilo, makundi ni manane, na kila moja lina jina la kiume na la kike: Tjapaltjarri ni mwanaume, Napaltjarri ni mwanamke. Wageni hulifurahia jina hilo kama zawadi. Ni mzigo pia. Kuanzia siku hiyo ana kaka, ana mama, na ana mtu ambaye hapaswi kumtazama usoni wala kukaa naye chumba kimoja, kwa kuwa ni mkwe. Msomaji wa Rungwe hahitaji kuelezwa zaidi. Mkamwana wa Kinyakyusa na baba mkwe wake walikuwa wakipishana njia hivyohivyo. Kwenye karakana maana yake ni ya vitendo kabisa: mama mkwe akiingia, mkwe wa kiume anatoka, na kanvasi aliyokuwa akiichora inabaki haijaisha. Kituo chenye mlango mmoja na meza moja ndefu kinapoteza nusu ya siku. Chenye milango miwili, kivuli cha nje, na upande wa wanawake uliotengwa na wa wanaume, kinafanya kazi. Meneja asiyejua hili atasema wachoraji ni wavivu. Tatizo ni ramani ya chumba.

Kuna jambo la misiba pia. Mtu akifariki, katika jamii nyingi za jangwani jina lake halitamkwi kwa muda mrefu na picha zake za sura huondolewa machoni. Mwenye jina kama lake huitwa kwa jina mbadala. Stoo iliyoandikwa majina kwenye kila rafu inakuwa jeraha. Vituo makini huandika namba badala ya jina, na hapo tunaingia kwenye daftari.

Daftari

Kila picha inapoisha, kabla haijatoka chumbani, inapewa namba: alama ya mchoraji, mwaka, na nambari ya mfuatano. Inapimwa kwa sentimita, inapigwa picha mchana kivulini bila mwanga wa ziada, na nyuma yake inaandikwa namba hiyo kwa penseli laini au rangi ya akriliki, kamwe siyo kalamu ya wino, kwa sababu wino unapenya na miaka michache baadaye unajitokeza mbele. Kisha mchoraji anasimulia habari ya picha, inaandikwa, anasomewa, anakubali au anafuta. Vituo vingi huko hutumia programu iitwayo SAM, kifupi cha Stories Art Money, yaani habari, sanaa na pesa mahali pamoja. Kikundi cha Kilolo hakiihitaji. Daftari la mistari lenye kurasa zilizopewa namba, na simu moja ya kikundi, vinatosha, ilimradi picha ya simu ihifadhiwe kwa namba ileile ya daftari. Simu ya mgeni isitumike. Akiondoka, kumbukumbu zimeondoka.

Kwenye habari ya picha mgeni ana kazi moja ngumu: kujua nini kisiandikwe. Michoro ya jangwani si mapambo. Ni haki ya watu fulani juu ya nchi fulani na simulizi zake za asili, na kwa Wawarlpiri kuna wenye simulizi kwa upande wa baba, kirda, na kuna wasimamizi wake, kurdungurlu, wanaohakikisha inachorwa sawasawa. Mtu hachori simulizi isiyo yake hata kama anaweza kuichora vizuri kuliko mwenyewe. Mahakama ya Australia iliwahi kulithibitisha hilo kwa namna yake: mwaka 1994, kwenye kesi ya mazulia yaliyofumwa Vietnam yakiwa na michoro ya wasanii Waaborijini bila ruhusa, wasanii walishinda na mahakama ikaamuru walipwe fidia.

Kwa hiyo kwa kijana wa Mbeya anayefikiria kuuza vitone na miduara ya jangwani kwa watalii: usifanye. Chukua namna ya kupaka praima, chukua kijiti na daftari, michoro waachie wenyewe. Wilaya ya Iringa ina michoro ya miambani ya Igeleke karibu kabisa na mji, na hata hiyo haitaki kunakiliwa kiholela. Inatosha kuitazama uone rangi moja nyekundu inavyoweza kubeba umbo. Kazi yako mpya inaweza kusajiliwa kwenye Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Peleka picha zenye namba za daftari, utakuwa umeshamaliza nusu ya maswali yao.

Pesa

Hapa alama zinagawanyika. Vituo vingi vya jangwani humpa mchoraji kati ya asilimia 50 na 60 ya bei ya kuuzia, na kinachobaki kinanunua kanvasi, rangi, mafuta ya gari na mshahara wa meneja. Ukiuza picha kwa shilingi 300,000 kwa mgawo wa 60 kwa 40, mchoraji anapata 180,000 na kituo 120,000. Wengi husikia 40 wakashtuka. Wapige hesabu ya kitambaa, praima mikono mitatu, nauli ya mzigo na siku ambazo hakuna mteja, watanyamaza. Kinachostahili kushtua ni kituo kisichoandika mgawo wake ukutani.

Ugumu wa kweli ni lini pesa itolewe. Kulipa picha ikiisha kunamsaidia mchoraji mwenye njaa leo, lakini kunakibebesha kituo hatari yote, na stoo ikijaa picha zisizouzika pesa zinaisha. Kulipa baada ya mauzo kunakilinda kituo, na kunamfungulia mlango mlanguzi. Mlanguzi yupo kila mahali. Huko anakuja na noti mkononi au gari kuukuu, anamchukua mchoraji mjini, anamweka kwenye chumba achore haraka, na picha inatoka bila namba, bila habari, bila bei ya haki. Anayesuka vikapu vya milulu anamfahamu mtu huyu kwa sura nyingine: anafika kijijini mwezi wa ada za shule, ananunua mzigo mzima kwa bei ya huruma. Njia ya kati inayofanya kazi ni malipo ya awamu mbili: kiasi kidogo picha ikikabidhiwa, kilichobaki ikiuzwa, vyote viwili vikiwa na sahihi au dole gumba kwenye stakabadhi. Tunaipendekeza kwa kikundi chochote chenye akiba ya miezi mitatu. Kisicho na akiba hiyo kisiianze, kitaahidi kisichoweza kutoa.

Kuna na pesa ya mbali zaidi. Picha ya Johnny Warangkula Tjupurrula, mmoja wa wachoraji wa mwanzo wa Papunya, ya mwaka 1972, juu ya chemchemi ya Kalipinypa, mwenyewe alilipwa dola 150. Mwaka 1997 iliuzwa mnadani kwa dola 206,000 za Australia, na mwaka 2000 kwa 486,500. Kwenye mauzo hayo sheria haikumpa chochote. Tangu Juni 2010 Australia ina haki ya mauzo ya marudio: kazi ikiuzwa tena na wafanyabiashara wa sanaa kwa dola 1,000 au zaidi, msanii au warithi wake hupata asilimia 5. Lakini haki hiyo inadaiwa kwa kumbukumbu. Picha isiyo na namba haina anayelipwa, na hapo ndipo kazi ya kuchosha ya mgeni wa miaka ile inapogeuka kuwa pesa ya wajukuu wa mchoraji.

Mkono wa nani

Mwaka 2023 gazeti moja la Australia lilidai kwamba wasaidizi weupe walikuwa wakichora sehemu za picha kwenye studio za muungano wa vituo vya sanaa vya nchi ya APY, eneo la Waaborijini huko Australia Kusini. Muungano ulikanusha. Jumba la Taifa la Sanaa la Australia liliagiza uchunguzi huru, likaahirisha maonyesho yake ya kazi hizo, na uchunguzi ukaona kwamba picha zilizokusudiwa kuonyeshwa zilikuwa chini ya mamlaka ya wachoraji wenyewe. Hata hivyo muungano mzima ulitikisika. Soko la sanaa linasikiliza tuhuma kwa sikio kubwa kuliko majibu.

Suala si idadi ya mikono. Picha kubwa za jangwani zimechorwa na watu wengi tangu mwanzo. Clifford Possum Tjapaltjarri alichora picha iitwayo Warlugulong ya mwaka 1976 pamoja na nduguye Tim Leura, na mabinti na wake za wachoraji wamejaza vitone vingi kwa haki yao ya ukoo. Suala ni nani ana haki ya kugusa. Mstari tunaoupendekeza ni rahisi kuukagua: mgeni anaruhusiwa kila kitu kilicho chini ya mchoro, yaani kitambaa, praima, rangi ya msingi iliyochaguliwa na mchoraji, na kila kitu kilicho nje yake, kugeuza kanvasi, kuosha vijiti, kukoroga. Kuanzia alama ya kwanza inayosema kitu, mkono wake mfukoni. Akiombwa na mchoraji mzee mwenye mikono inayotetemeka, aitwe mtu wa ukoo, na jina lake liandikwe kwenye daftari. Maoni ya mdomo nayo ni brashi. Mgeni akisema wateja wanapenda bluu, wiki ijayo kuna picha sita za bluu. Wasuka vikapu wanaujua ugonjwa huu: mtu anakuja na mchoro wa mfuko wa ofisini, kikundi kinasuka 200, oda haijirudii, na milulu ya msimu imekwisha.

Usafiri

Picha ya akriliki haikunjwi. Inaviringishwa, upande wa rangi ukiwa nje, kwenye bomba lenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi. Mabomba ya plastiki ya maji taka ya inchi nne yanafaa na yapo kila duka la vifaa vya ujenzi. Rangi ikiwa ndani inabanwa na kukunjamana. Ikiwa nje inanyooshwa kidogo, na hilo inalivumilia. Katikati ya tabaka weka karatasi ya kuokea keki. Gazeti linagandia, nailoni nayo inagandia vibaya zaidi, hasa mzigo ukikaa chini ya basi kutoka Mbeya hadi Dar, kilomita zaidi ya 800, na kuteremka kwenye joto la Pwani. Picha iliyomaliza kuchorwa leo isiviringishwe leo. Ipe wiki mbili, wakati wa baridi tatu. Na ikifunguliwa alfajiri ya Julai, iachwe chumbani ipate joto kwanza, kwa sababu akriliki yenye baridi inakakamaa na vitone vinachomoka. Andika namba ya daftari ndani na nje ya bomba. Wapakizi wa mabasi wanasoma ya nje, polisi na mteja watasoma ya ndani.

Udhaifu mkubwa wa huduma

Wageni hawakai. Kazi ni ya saa zote, nyumba iko mbali na kila kitu, na meneja anayependwa ndiye anayegongewa mlango usiku ampeleke mgonjwa zahanati. Wengi huondoka wakiwa wamechoka, na anayefuata anakuta stoo isiyosomeka. Kinga ya vituo vya Australia ni ya kisheria: vingi ni mashirika yanayomilikiwa na Waaborijini, wanachama wanachagua bodi, na bodi ndiyo inayomwajiri meneja. Inaweza kumfukuza. Kikundi chetu cha kawaida kina kinyume chake, mgeni analetwa na wafadhili wake, na mwenyekiti anaona aibu kumkosoa aliyeleta cherehani.

Aibu hiyo iondolewe kwa karatasi. Kabla hajaanza, andikeni ukurasa mmoja wa Kiswahili: anaripoti kwa nani, anagusa nini na hagusi nini, akaunti ya kikundi ina sahihi tatu na yake haimo, kibali chake cha ukaazi cha daraja C kinaisha lini. Mwezi wa mwisho asifanye kazi mpya hata moja. Akae na mrithi wake, awe mwanakikundi, wapitie daftari ukurasa kwa ukurasa, kila picha iliyoko stoo iguswe na kuhakikiwa, kila mteja anayedaiwa apigiwe simu na wote wawili wakiwepo. Nywila za simu na za barua pepe ziandikwe, zifungwe kwenye bahasha, zikae kwa mweka hazina, na zijaribiwe kabla basi halijaondoka.